Koti la Kompyuta

Mshonaji alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuona kitu kimekaa uchi. Redio ilikuwa na vazi lake. Birika nalo lilikuwa na vazi lake. Kompyuta ya familia ilipofika, aliipima na kuishonea koti zito lenye sponji ndani.

Kompyuta ilikaa karibu na cherehani. Kila jioni bintiye aliandika humo maisha ya bibi yake. Bibi alisimulia, mjukuu akaandika, mshonaji akashona. Walikuwa na haraka. Kumbukumbu ya bibi ilikuwa inapungua, na wote watatu walijua hivyo.

"Zima, tukale," mshonaji aliita.

"Nimeshazima!" binti alijibu. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kioo cha kompyuta, na kioo kikawa cheusi. Mshonaji akaivalisha kompyuta koti lake.

Hivyo ndivyo walivyofanya siku zote. Jioni moja binti alivua koti, akaruka nyuma. Boksi la kompyuta lilikuwa la moto kama pasi. Alibonyeza kila kitufe. Kimya.

"Maneno ya Bibi yamo humo ndani," alisema, na machozi yakamtoka.

Walimwita jirani yao, fundi wa kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Waya kwa wembamba wake. Alifungua boksi, akaliacha lipoe.

"Mlikuwa mnaizimaje?" aliuliza.

Binti akaonyesha kitufe.

"Hicho ni cha kioo tu. Ni kama kumfumba mtu macho ukadhani amelala. Boksi lilikuwa linafanya kazi usiku na mchana. Feni haipati hewa, na umeme unaliwa bure."

Mshonaji alishika kichwa. "Yaani nilimvika koti mwenye homa!"

"Tena lenye sponji, dada."

Boksi lilipopoa, liliwaka. Wote wakashusha pumzi. Waya akafungua mipangilio.

"Sasa tuifundishe kujizima," alisema. "Isipoguswa kwa robo saa, italala. Ikilala, kazi yako inabaki ilivyo, na umeme unaotumika ni kidogo sana. Ikikaa saa nzima bila mtu, itajizima kabisa. Lakini kusevu, yaani kuhifadhi ulichoandika, ni kazi yako wewe. Sevu kila unapoinuka kitini. Na koti livalishwe ikiwa imezimika na imepoa."

Walifuata ushauri wake. Wakienda kula na kupiga soga, kompyuta ililala, kisha ikajizima. Boksi halikupata moto tena. Lakini sura ya mwisho ya maisha ya Bibi ilikuwa imepotea siku ile kompyuta ilipozimika kwa joto. Binti hakuwahi kuisevu, kwa sababu kila alipowasha kioo aliikuta wazi.

"Bibi, nisimulie tena ulivyopanda paa la shule."

"Paa gani, mjukuu wangu?"

Binti aliinamisha kichwa. Iliuma.

Mshonaji aliacha cherehani, akasogeza kiti. "Mimi niliisikia. Andika."

Akasimulia yote: mpira uliokwama juu ya paa, ngazi iliyoanguka, mwalimu mkuu akimbembeleza kutoka chini. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho.

"Msichana mtundu huyo! Ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

Bibi alitazama kioo kwa muda mrefu.

"Basi mwandike vizuri," alisema.

Binti aliandika. Akasevu. Kisha akasevu tena.