Upupu kwenye Fulana

Kila Jumamosi ya msimu wa joto, saa sita kamili mchana, mama alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akafagia vipande vya nguo sakafuni na kufunga duka. Hapo Kiberiti alijua safari imeiva. Alinyakua kapu la nguo, akakimbilia pikapu ya baba, gari kuukuu lililokuwa likikohoa mara tatu kabla ya kuwaka, akapanda nyuma na kujikalisha juu ya gunia la pumba. Baada ya saa moja na nusu za vumbi na mashimo, walikuwa kwa bibi, shambani, ambako walilala usiku mmoja na kurudi mjini Jumapili jioni.

Jina la Kiberiti alipewa na baba. "Huyu mtoto ukimgusa tu, moto," alisema, na jina likamganda. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Shangazi, dada yake baba, naye alikuja kila Jumamosi na mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Huyo alikuwa binamu yake Kiberiti, na watu wote walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alitangaza kila kitu: nani amekoroma, nani ameanguka, nani amepata alama ngapi.

Msimu ule Kiberiti alikuwa na kazi yake mwenyewe. Nyuma ya shamba la bibi mto ulipanuka na kutulia, kisha ukateremka kwenye mawe. Pale kwenye utulivu alitaka kuelea na chelezo. Alikusanya madumu sita matupu na mianzi minane. Kamba alizisuka mwenyewe kwa vipande vya nguo alivyookota chini ya meza ya mama, akizisuka jioni hadi vidole vikaota sugu. Jumamosi tatu zilipita. Jumamosi ya tatu yeye na rafiki yake Mrefu, msichana wa jirani, walikisukuma chelezo majini. Kilielea! Waliruka na kukumbatiana.

"Kesho baada ya chai tunavuka nacho," Kiberiti alisema.

Kesho yake baada ya chai bibi alimwita amsaidie kupukuchua mahindi. Hawajamaliza hata debe moja, akasikia vicheko na kelele mtoni. Alitupa gunzi, akakimbia. Alikuta madumu yamesambaa kwenye mawe, mianzi imevunjika, na Redio amesimama katika maji ya magoti, mkono mdomoni kama ameshika kipaza sauti.

"Habari zilizotufikia punde hii! Meli ya Kiberiti imezama! Wataalamu wanasema fundi hakujua kufunga fundo!"

Mrefu alikuwa kando yake, ameinamisha kichwa. Kiberiti alimgeukia baba, aliyekuwa amekuja kuona kuna nini. Baba alikuwa anacheka.

"Baba, wamechukua bila kuniuliza!"

"Sasa utafanyaje? Utatengeneza kingine," baba alisema akifuta machozi ya kicheko. "Msigombane kwa ajili ya madumu matupu."

Kiberiti hakulia. Aliokota vipande vya kamba zake kimoja kimoja, akarudi kwenye mahindi. Moyoni alisema neno moja tu: Atanitambua.

Wiki nzima mjini alikuwa kimya. Alikaa dukani kwa mama akipanga vifungo kwa rangi, na kila kifungo kilikuwa adhabu. Amfiche viatu? Kitoto. Amtilie chumvi kwenye chai? Atatema na kucheka. Alitaka kitu ambacho Redio atakikumbuka hata akiwa na mvi.

"Mwanangu, una nini?" mama aliuliza, sindano mdomoni. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Sina kitu, mama."

Siku ya Ijumaa hasira ilikuwa imepoa kidogo. Huenda ingekwisha yenyewe. Lakini Jumamosi walipofika shambani, Mrefu alimngoja kando ya zizi, akisugua mguu mmoja juu ya mwingine.

"Nikwambie kitu, usinikasirikie. Mafundo yako yalikuwa mazuri. Redio alikata kamba ya katikati kwa kisu, akafungia ndoana yake. Akasema zipo nyingi. Ndiyo maana chelezo kilifunguka."

"Na mbele ya baba akasema mimi sijui kufunga?"

"Alinikataza nisiseme. Alisema nikisema, hatanipeleka kuvua samaki tena."

Masikio ya Kiberiti yaliwaka. Kuvunja ni kitu kimoja, lakini kuvunja, kusingizia, halafu kutangaza! Alitazama ua wa nyuma ya zizi, na hapo akaona alichokuwa akikitafuta wiki nzima. Viganda vya upupu vilikuwa vimeiva, vimevaa manyoya yao ya kahawia yanayong'aa juani. Bibi alikuwa amewakataza mara mia wasisogee pale. "Ule ukikugusa utajikuna mpaka utamani kuvua ngozi," alikuwa akisema.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, ugali kwa uyoga aliouchuma bibi, Kiberiti alivaa mfuko wa mkate mkononi, akachuma viganda viwili. Fulana ya njano ya Redio ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Aliikung'utia manyoya yale kwa ndani, shingoni na mgongoni, taratibu, kama mpishi anayetia viungo. Kisha akaiinua kwa ncha ya kijiti, akaipeleka mtoni na kuiweka juu ya jiwe, pale Redio alipozoea kuacha nguo zake akiogelea.

Mtoni alikuwa mpole kupita kiasi. Alimwachia Redio zamu yake ya kuruka kutoka kwenye gogo.

"Leo umekula asali?" Redio aliuliza.

"Nimekusamehe tu," alijibu. Neno lilimteleza kinywani kama sabuni.

Redio alitoka majini, akachukua fulana, akajifutia uso kwa upande wa ndani, kisha akaivaa. Kiberiti alikaa juu ya nyasi na kuhesabu. Hakufika hata thelathini. Redio alijikuna shingo. Akajikuna mgongo. Akaanza kuruka huku na huku kama anayekanyaga makaa.

"Tangaza basi!" Kiberiti alimpigia kelele. "Habari zilizotufikia punde! Tangaza!"

Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa tamu, hakuna haja ya kuficha. Tamu kuliko alivyowaza.

Redio alivua fulana na kuitupa, akajitumbukiza mtoni, akatoka, akaendelea kujikuna. Kisha akaanza kuyafikicha macho kwa ngumi zote mbili. "Mama!" alilia. "Mama, sioni!" Haikuwa tena ile sauti ya kutangaza. Kope zake zilikuwa zimevimba kama andazi, na Kiberiti akagundua kuwa yeye peke yake bado ana tabasamu usoni. Aliliondoa.

Watu wazima walikuja mbio. Shangazi alimshika mwanawe, akaona uso ule na vipele mwili mzima, akageuka moja kwa moja kwa bibi.

"Ni uyoga ule wa mchana! Redio ndiye aliyekula mwingi. Mama, macho yako si ya zamani, umechuma wenye sumu!"

"Uyoga huu nauchuma tangu sijaolewa," bibi alisema polepole.

"Basi sote tumekula sumu," mama alisema, akijishika tumbo.

Walimpakia Redio kwenye pikapu, wakaenda zahanati iliyokuwa karibu na barabara kuu. Njia nzima shangazi hakunyamaza. "Nimeshasema siku nyingi, mama hawezi kukaa huku peke yake. Leo ndiyo mwisho. Shamba lifungwe, aje mjini nimtazame mwenyewe." Baba, akiwa ameshika usukani, alitikisa kichwa kukubali. Bibi alikaa nyuma na Kiberiti, mikono mapajani. Hakubisha tena. Alianza tu kuitazama mikono yake, akiigeuzageuza, kama mtu aliyeanza kuishuku.

Kiberiti aliitazama mikono ile. Upupu ulikuwa wa Redio. Haukuwa wa bibi.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha kungojea, benchi na mizani ya watoto. Muuguzi, mama mnene mwenye saa kubwa kifuani, alimlaza Redio kitandani.

"Amekula nini?"

"Uyoga wenye sumu," shangazi alijibu.

"Na ninyi wengine mmekula? Mnaumwa?" Wote walisema wamekula, lakini hakuna aliyeumwa. Muuguzi alikunja uso. "Sumu ya uyoga haianzi machoni. Lakini kama mna hakika, itabidi nimtapishe, kisha mumpeleke hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu. Nikitibu kisichokuwepo nitamuumiza bure. Nawauliza mara ya mwisho: amegusa nini?"

"Hajagusa kitu," shangazi alisema.

Kiberiti aliona njia mbili wazi kabisa. Akinyamaza, hakuna atakayejua maishani. Redio atatapishwa, na kwa kweli sehemu moja ya moyo wake ilisema: atapishwe. Lakini bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea ukuta, akingoja kuhukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyosimama mtoni siku ile, mafundo yake yakisingiziwa.

"Ni upupu," alisema.

Wote waligeuka.

"Nilimtilia upupu kwenye fulana, na akajifutia uso. Bibi hana kosa. Uyoga hauna kosa. Ni mimi."

Shangazi aliinua mkono. Bibi aliudaka hewani. "Mwache. Amesema. Mganga apate kufanya kazi yake."

Muuguzi hakupoteza dakika. Alivaa glavu, akamkataza Redio kujikuna wala kufikicha, akayasafisha macho yake kwa maji ya dawa, chupa baada ya chupa. Mwilini alibandika utepe wa kunata na kuubandua, kipande kwa kipande, ukitoka na manyoya madogo ya kahawia. Ilichukua muda mrefu.

"Macho yatapona," alisema mwishowe. "Lakini angeendelea kuyafikicha njiani saa tatu, sijui ningewaambia nini. Binti, umefanya jambo baya sana, halafu umefanya jambo zuri. La pili limeliokoa la kwanza."

Nje kwenye benchi baba alimkazia macho Kiberiti. "Kwa nini?"

"Alikata kamba yangu kwa kisu, chelezo kikavunjika, akasema sikujua kufunga. Nilikwambia wamechukua bila kuuliza, ukacheka." Akaongeza: "Nilitaka aumie. Sikutaka apofuke. Na sikutaka bibi ahamishwe."

Kutoka ndani, sauti ya Redio ilisikika, imekauka. "Ni kweli. Kamba niliikata mimi."

Baba alitazama viatu vyake. Shangazi naye alikaa karibu na bibi, akamshika mkono. "Mama, nisamehe. Nimekutukana mbele ya watoto."

"Utakula uyoga wangu Jumamosi ijayo," bibi alisema, "sahani mbili, hapo nitajua umeomba radhi kweli." Hata muuguzi alicheka. Kisha bibi akamvuta Kiberiti mbele yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ulikuwa na haki ya kukasirika, na hilo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini kisasi hakina macho. Ulikituma kwa binamu yako, kikampita, kikaja kunibisha hodi mimi. Ukidhulumiwa, sema. Wakicheka, sema tena. Ikibidi upige kelele, piga, kelele haimpofushi mtu." Akamgeukia baba. "Na wewe, mwanangu, mtoto akija kushtaki, cheka baadaye. Ungemsikiliza siku ile, leo tungekuwa nyumbani tunakunywa chai."

"Nimekosa, mama," baba alisema. Kisha kwa Kiberiti, kwa sauti ya chini zaidi: "Nimekosa, mwanangu. Na wewe umekosa. Hadi msimu uishe hutaogelea, na nguo zote zilizoguswa utazifua mwenyewe."

"Sawa, baba."

Muuguzi alitoka na beseni la maji safi na kitambaa. Macho ya mgonjwa yalitakiwa kuwekewa kitambaa baridi, kibadilishwe kila baada ya dakika chache. Shangazi alinyoosha mkono kupokea, lakini Kiberiti alikuwa ameshasimama. Alilichukua beseni, akaingia ndani, akakikamua kitambaa na kukiweka taratibu juu ya kope zilizovimba.

"Nani?" Redio aliuliza.

"Mimi."

Redio alishtuka, akatulia. Kiberiti alingoja afukuzwe. Alistahili.

"Kimeshapata moto," Redio alisema baada ya muda. "Badilisha."

Akakibadilisha.