Kifurushi Kisicho na Jina la Duka

Kila Ijumaa baada ya shule, Kanze alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa mtaa wa Kibokoni aliyekuwa nayo. Baba yake, Mzee Kitsao, alikuwa karani katika ofisi ndogo ya wakala wa meli karibu na bandari ya zamani, na ofisi hiyo ilikuwa na sanduku lake la posta. Miaka hiyo ya tisini, kupata sanduku lako mwenyewe halikuwa jambo rahisi, kwa hiyo wapangaji wote wa nyumba waliyoishi waliazima anwani ya ofisi. Kanze alipewa ufunguo, akautia kamba na kuuvaa shingoni, akaenda posta kuu, akafungua kimlango kidogo cha chuma na kurudi na barua za nyumba nzima.

Aliipenda kazi hiyo kwa sababu ilimwacha aote. Mwalimu wake alizoea kusema kwamba Kanze husoma kwa jicho moja, la pili limepotelea dirishani. Saa hizo za alasiri vichochoro vya Mji wa Kale vilikuwa kama vimelala. Madirisha yalifungwa nusu, harufu ya iliki ilitoka mahali pasipoonekana, na njiwa walilia juu ya mapaa. Kanze alitembea polepole kwenye vivuli, akizigeuza bahasha mkononi. Hii ya stempu ya ndege mwekundu, moyoni mwake, iliandikwa na mtu aliyekaa juu ya mnara. Hii nzito ilikuwa na ramani. Hakuwahi kufungua hata moja. Baba yake alimwambia mapema kwamba barua ni ya mwenye jina lake, na Kanze aliishika kauli hiyo sawasawa.

Ijumaa moja, nyuma ya barua za ofisi, alikuta kifurushi kidogo cha Anti Truphosa.

Anti Truphosa alikuwa mtu wa bara. Alipanga chumba cha juu kabisa, na alikuwa mpiga chapa katika ofisi za reli. Alikuwa mpole, na kila jioni aliketi kwenye ngazi akiwasaidia watoto wa nyumba ile hesabu zao, bila kudai hata asante. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwita Kanze kando.

"Kuna kifurushi changu kitakuja," alimwambia. "Ni vitu vyangu vya mwilini, vya mtu kujitunza. Nimeviagiza Nairobi kwa barua. Hapa mjini ukienda duka la dawa, muuzaji anamwuliza mwenzake kwa sauti kama bidhaa hiyo ipo, na foleni nzima inageuka kukutazama. Hao wa Nairobi wameniahidi wataifunga kwa karatasi tupu, bila jina la duka. Nimekuambia wewe kwa sababu ndiye utakayekibeba."

Kanze alijiona amekua kwa kuambiwa hivyo. Na kweli wenye duka walitimiza ahadi yao. Kifurushi kilivikwa karatasi ya kaki, kikakazwa kwa uzi, na juu yake hapakuwa na chochote ila jina na anwani. Tatizo ni kwamba vifurushi vingine vyote alivyowahi kubeba vilikuwa na maandishi, picha na mihuri ya kila namna, na havikumsumbua. Hiki kilichonyamaza ndicho kilichomwita. Alikisogeza sikioni. Kitu fulani ndani kilisema chubwi, kidogo sana, kisha kikatulia.

Tangu posta hadi Ngome ya Yesu, na kutoka hapo hadi Kibokoni, Kanze alitembea lakini hakuwa njiani. Alikuwa katika bustani ya maua meupe, ambako wanawake waliovaa hariri walikamua marashi kwenye chupa ndogondogo. Alishtuka kujikuta tayari chini ya dirisha la Anti Truphosa. Kapu lilikuwa limeshateremshwa kwa kamba, kama wafanyavyo wanawake wa ghorofani wasiotaka kushuka ngazi. Kanze alikitia kifurushi ndani, kapu likapanda taratibu, na waliokuwa barazani wakalisindikiza kwa macho mpaka likaingia dirishani.

Joy, rafiki yake wa nyumba ya jirani, alikuwa mmoja wao.

"Kile kina nini?" aliuliza Joy.

"Sijui. Mimi sifungui vitu vya watu."

"Lakini wewe ndiye uliyekibeba."

Kanze angeweza kunyamaza hapo, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini bustani ilikuwa bado kichwani, na Joy alikuwa amesogea karibu, macho yamemtoka, tayari kusikiliza. Hakuna kitu kinachomlevya mwotaji kama mtu wa kumsikiliza. Akasema labda ni marashi.

"Marashi hayafichwi," alisema Joy, akaanza kuangalia kwingine.

"Basi labda ni dawa," Kanze akaharakisha. "Kuna kitu cha maji ndani, nimekisikia. Labda ya ngozi. Umewahi kumwona Anti Truphosa amevaa mikono mifupi, na joto lote hili?"

Joy alifikiri, akaona kweli hajawahi. Kanze alifurahi kwamba kisa chake kimekaa vizuri, akaenda kula.

Joy hakuwa mtoto mbaya. Alimwambia mama yake tu, wakiosha vyombo. Mama Joy akamwambia jirani mferejini, naye akamwambia mwingine. Kila mmoja alikipokea kisa kama alivyopewa, akakiongezea kidogo cha kwake, na lile neno "labda" la Kanze likaachwa njiani. Jumatatu ilipofika, Anti Truphosa alikuwa na ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza, na dawa alikuwa akiletewa kwa siri.

Jioni hiyo Anti Truphosa alishuka na kuketi kwenye ngazi kama kawaida yake. Hakuna mtoto aliyetokea. Alikaa na chaki mkononi mpaka giza likaanza kuingia, kisha akapanda chumbani. Siku iliyofuata alikuta nguo zake zimeanuliwa kutoka kwenye kamba ya wote na kuwekwa peke yake juu ya kiti. Bafuni aliambiwa angoje wengine wamalize. Kanze aliyaona hayo yote, lakini alijidanganya kwamba labda ni mambo mengine ya watu wazima.

Alhamisi hakuweza kujidanganya tena. Alikuwa akifagia ngazi aliposikia sauti ya Bi Mishi, mwenye nyumba, aliyekuwa ameketi ukumbini chini.

"Mwanangu, miye sina neno nawe," Bi Mishi alisema taratibu. "Tangu uingie hapa sijaona kwako ila adabu. Lakini nyumba ina watoto. Hicho kilokuya Ijumaa, kifungue tukione. Nyoyo zitulie, mambo yaishe."

"Bi Mishi, nakuheshimu kama mama yangu," alijibu Anti Truphosa. "Mimi si mgonjwa. Lakini kile ni changu, na sitakifungua mbele ya watu."

Kisha Bi Mishi akasema kwa huzuni kwamba ikiwa ni hivyo, mwisho wa mwezi itabidi atafute chumba kwingine.

Kanze alibaki na ufagio mkononi. Anti Truphosa alipanda ngazi, akapita karibu naye na kumpapasa kichwa kama kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea. Mkono huo ulimwuma kuliko kofi. Alimfuata hadi mlangoni.

Chumbani, sanduku la nguo lilikuwa limetolewa chini ya kitanda. Mwanga wa jioni ulipenya kwenye vibao vya dirisha, ukachora mistari sakafuni, na chumba kizima kilikuwa kimya kama ndoto ambayo mtu anatamani imwishie.

"Anti, kwa nini usiwaonyeshe tu?" Kanze aliuliza. "Ukiwaonyesha hutahama."

Anti Truphosa aliketi kitandani. "Nimelifikiria hilo. Ningekifungua, wangeona, wangecheka kidogo, na yangekwisha. Lakini kesho nikija na mfuko mwingine, wataniambia niufungue. Na mpangaji atakayekuja baada yangu naye atafunguliwa vyake. Mwanangu, kuna vitu mtu huvificha si kwa sababu ni vibaya. Anaviweka kwa sababu ni vyake tu. Hata wewe unakua, utakuwa na vyako."

"Utakwenda wapi?"

"Mtaa wa Majengo nimesikia kuna vyumba. Nitazoea."

Kanze alianza kulia. "Ni mimi, Anti. Mimi ndiye niliyemwambia Joy ni dawa ya ngozi."

"Ulikifungua?" aliuliza Anti Truphosa.

"Hapana, haki ya Mungu. Sikugusa hata uzi. Nilibuni tu, ili Joy anisikilize."

"Afadhali ungekifungua," alisema Anti Truphosa kwa sauti ndogo. "Ungesema kilichomo, na kilichomo hakina aibu. Sasa umewaambia kisichokuwemo, nami sina njia ya kukikanusha." Aligeuza uso kuelekea dirishani, akamwomba Kanze amwache kidogo.

Mzee Kitsao aliporudi kazini, Kanze alimweleza yote bila kupunguza. Baba hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, na Kanze akavua kamba shingoni na kumrudishia ufunguo.

"Nilikufundisha usifungue barua za watu," alisema baba. "Nikadhani nimemaliza. Kumbe sikukuambia kwamba mchukuzi wa kitu cha mtu hubeba pia jina la mtu huyo. Kitu kilifika salama, jina umelivunja njiani. Sasa osha uso. Maneno yalitoka kwako, na wewe ndiye utakayekwenda kuyarudisha."

"Utanisindikiza, baba?"

"Nitakuja. Lakini sitakusemea."

Walianzia kwa Mama Joy, kisha kwa jirani wa mferejini. Kila mlango ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia, kwa sababu kila mtu alimwuliza, "Basi ndani mna nini?" Na kila mara Kanze alijibu, "Sijui. Sikujua hata siku ile. Nilibuni." Aligundua kwamba watu wengine walionekana kukasirishwa zaidi na kukosa jibu kuliko na uongo wenyewe.

Mwisho walifika ukumbini kwa Bi Mishi. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mkeka wakichambua mchele wa harusi ya jamaa yao. Kanze aliwaamkia, akasimama, mikono nyuma, akasema mbele yao wote kwamba yeye hajui ugonjwa wowote wa Anti Truphosa, na kwamba habari ile aliitunga mwenyewe barazani.

Vidole viliacha kuchambua. Bi Mishi alimtazama Kanze, kisha akatazama sinia la mchele lililokuwa mapajani mwake.

"Mtoto kutunga, ndio utoto wake," alisema. "Lakini miye, mtu mzima wa miaka hii, ni nini kilichonifanya nimeze maneno bila ya kuuliza yatoka wapi? Nami nikamwambia mwana wa watu anifungulie vitu vyake. Hivyo mtu yeyote angenambia miye nifungue kabati langu, ningekubali?"

Bi Mishi alikuwa na miguu mibovu, na kwa miaka mingi hakuwa amepanda ghorofani. Waliokuwa na shida naye walimfuata chini. Jioni hiyo alisimama, akashika ukuta, akaanza kupanda. Kanze alimpa bega. Walipumzika kila kona ya ngazi.

Anti Truphosa alipofungua mlango na kumwona, alitaka kumletea kiti, lakini Bi Mishi alimzuia kwa mkono.

"Niwache nisimame," alisema. "Nimekuya kukuomba radhi. Chumba ni chako, ukae upendavyo. Na atakayekuuliza habari za vitu vyako, mlete kwangu."

Anti Truphosa alimshika mikono yote miwili. Alilia kidogo, na Bi Mishi naye akatafuta ncha ya leso yake. Sanduku la nguo lilirudishwa chini ya kitanda.

Siku kadhaa zilipita kabla watoto hawajajazana tena kwenye ngazi. Jioni moja, wenzake walipokwisha kuondoka, Kanze alibaki akikunja daftari lake polepole. Anti Truphosa alimtazama akatabasamu.

"Najua bado inakuwasha," alisema. "Umesema kweli mbele ya watu wazima, na si rahisi. Njoo juu basi, nikuonyeshe wewe peke yako kilichokuwemo."

Moyo wa Kanze uliruka. Kwa muda mfupi bustani yote ilimrudia, maua, hariri na chupa zake. Kisha, mawazoni, akamwona Joy akisogea karibu, macho yamemtoka, akajiona na yeye akifungua kinywa.

"Hapana, Anti," alisema. "Nikijua, itabidi nikae nacho moyoni bila kumwambia mtu. Sijui kama naweza bado."

Anti Truphosa alicheka, kicheko cha kwanza tangu Ijumaa ile, kikasikika mpaka ukumbini. "Sasa nisikilize," alisema alipotulia. "Ota kadiri upendavyo, Kanze, hakuna ubaya. Lakini ukitaka kutunga hadithi, tunga watu wako mwenyewe, uwape na ugonjwa ukipenda. Walio hai waachie wajisemee. Na ukishajua mdomo wako unavyokwenda, kama unavyoujua leo, hutakuwa mtu wa kuogopwa. Nitamwambia baba yako akurudishie ufunguo."

Kwa hiyo Kanze hakuona kilichokuwa ndani ya karatasi ya kaki, wala hakuuliza tena. Na wewe msomaji, uliyevumilia mpaka hapa ukidhani mwishoni utaambiwa, pole sana: kilikuwa cha Anti Truphosa.