Mpira wa Vitambaa

Soko la Jinja lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na Zulaika hakuwa na muda wa kubembelezana na mtu. Alivuta kitambaa chekundu kwenye meza ya mitumba, na upande wa pili mkono mwingine ukakivuta. Alipoinua macho akamwona mwanamume mrefu, shati lake la kaki limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Dada, hii mimi nashika kwanza."

"Afande, wewe na kitambaa chekundu wapi na wapi? Unashona gauni?"

"Nafunga mzigo. Na wewe?"

"Nacheza mpira."

Mwanamume akacheka, na kicheko hicho kikamkamata Zulaika pabaya. Ikabidi amweleze. Kule mtaani Walukuba, Milly wa ofisi ya ustawi wa wafanyakazi, kiwandani alikofanya kazi Zulaika, alikuwa ameanzisha mpira wa vitambaa, wanawake na wanaume timu moja. Unachomeka vitambaa viwili kiunoni. Mwenye mpira akinyofolewa kimoja, anasimama. Kugusa mwili ni kosa. Refa hakuna: aliyekosea huinua mkono akajitaja.

"Mwanaume ajitaje mwenyewe? Hapa Uganda?"

"Kwetu anajitaja, au anaenda kwao."

Jumamosi iliyofuata mwanamume yule, Odongo, askari magereza kutoka Lango kule kaskazini, alifika uwanjani na kaptura inayompwaya.

Zulaika aliupenda mchezo ule kwa sababu yake. Tangu vita vya sabini na tisa, Wanubi kama yeye walipowindwa kwa kuitwa watu wa serikali iliyoanguka, hakuna kizuizi cha barabarani alichopita bila mwanamume fulani kumpapasa, eti anapekuliwa. Sasa ilikuwa mwaka wa nane, na uwanjani pale tu ndipo alipokimbia bila kuguswa. Odongo alimparaza bega mara mbili. Mara zote mbili hakuna aliyeona, na mara zote mbili aliinua mkono: "Nimegusa." Ile ya pili Zulaika alijua yeye amekwisha, amependa.

Ikawa kila Jumatano simu ya ofisi ya Milly inalia, Odongo akimtafuta Zulaika.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe unakula simu ya serikali."

"Serikali ilinikula miaka mingi. Acha mimi pia nikule kidogo."

Zulaika akamkaribisha kwao. Alivaa gauni la kijani, akajifukiza udi, na mama yake, Mama Fatumah, akatoa vikombe vya wageni. Ukutani palikuwa na picha ya Faraj, kaka yake Zulaika, aliyeteremshwa kwenye lori kizuizini huko Busiu, karibu na Mbale, mwaka ule wa vita asirudi. Mama alikuwa amekataa katakata Faraj asomewe dua ya maiti, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kaburi. Odongo aliitazama picha, akauliza jina, akaambiwa. Akaweka kikombe chini, akaaga, chai haijapungua.

Wiki ile ile aliomba uhamisho kwenda Mbale. Jumatano simu haikulia. Zulaika akapiga mwenyewe.

"Odongo, ni mimi."

"Niko kazi."

"Ni kwa sababu sisi ni Wanubi? Sema tu!"

Simu ikakatwa. Alilia mpaka macho yakavimba, akamwita majina ambayo sitayaandika hapa.

Mwezi uliofuata timu ilikwenda Mbale kucheza. Mchezo ulipoisha, Zulaika alikwenda na jasho lake mtaa wa Namakwekwe, alikoambiwa askari magereza wamepanga, akauliza nyumba hadi nyumba, akamkuta Odongo mlangoni pa chumba chake cha kupanga akifua.

"Niambie usoni kwamba hunitaki."

"Nakutaka." Akafuta povu mikononi. "Ile picha. Wakati ule mimi nilikuwa jeshi, kwa kizuizi ya Busiu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Ulimpiga risasi?"

"Mkubwa alipiga. Mimi nilichimba shimo."

Zulaika alimzaba kofi, kisha akaketi pale pale sakafuni karibu na karai.

"Mama atataka kuonyeshwa," alisema hatimaye.

Jumanne walisimama watatu Busiu, nyuma ya maduka, mahali migomba inapokutana na mahindi. Odongo alionyesha kwa mkono. Mama Fatumah alitandaza shuka, akasoma dua yote polepole, ile aliyoikatalia miaka minane. Alipomaliza hakugeuka.

"Alisema kitu?"

"Aliomba maji, mama."

"Ulimpa?"

Zulaika alimkazia Odongo macho, akimsihi kimoyomoyo. Neno moja tu lilitakiwa.

"Hapana, mama. Maji ilikuwa karibu. Sikumpa."

Mama aliitikia kwa kichwa, akakunja shuka, akaelekea barabarani. Zulaika akabaki nyuma.

"Ungesema ulimpa."

"Ningesema."

"Ningeamini, Odongo. Na mama angeamini. Mwezi ujao tungeoana."

"Najua."

"Nakupenda, sikufichi. Lakini kila nitakapokutengea chakula na kukuwekea maji, nitamwona Faraj. Siwezi. Usinipigie simu tena."

"Sawa," alisema Odongo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Shati lake lilikuwa wazi kifuani. Zulaika alimfunga kifungo kama mke anavyomfunga mumewe anapokwenda kazini, kisha akamfuata mama yake barabarani.