Mzigo Ukae Katikati

Asubuhi Mama Pacha alimkanda mumewe mgongo kwa maji ya moto.

"Taratibu! Mimi si donge la unga," akalalamika Baba Pacha.

"Tulia, baba. Leo toroli likipinduka tena, kazi imekwenda."

Kazi yao ilikuwa kushusha vigae kutoka barabarani hadi kwenye jengo jipya la zahanati, bondeni. Jana toroli lilipinduka kwenye kona, vigae vikavunjika. Baba Pacha alilaumu jiwe. Msimamizi hakutaka habari za jiwe. Alisema, "Vikivunjika tena, nawaita watu wengine."

Walipofika, Baba Pacha alianza kupakia. Alirundika maboksi nyuma, kama alivyofanya miaka yote na mkokoteni wake wa magurudumu mawili. Mkokoteni ukilemewa kidogo nyuma, mpini huwa mwepesi. Mkono ukishazoea, haumwulizi mwenyewe.

Jirani yao, Mama Cheche, alikuwa akichomelea geti la zahanati. Akainua kinyago chake.

"Shemeji! Huyo punda mbona umempakia mkiani?"

"Mimi nimekokota mikokoteni tangu hujui kuwasha moto, shemeji."

"Ndiyo maana! Hili lina magurudumu manne. Ya mbele ndiyo yanayokata kona. Hebu kandamiza hapo nyuma."

Baba Pacha akakandamiza kidogo tu. Magurudumu ya mbele yakaelea hewani.

Mama Pacha akacheka. "Kumbe jiwe la watu limesingiziwa!"

"Haya, shusha tupange upya," akasema Mama Cheche. "Mazito chini, katikati ya magurudumu. Uzito usipite ule ulioandikwa ubavuni mwa toroli. Funga kwa kamba mpaka boksi lisicheze. Na tairi hili mbona limelegea? Lijaze upepo."

"Kwenye mteremko je?" akauliza Mama Pacha.

"Usitangulie mbele ya mzigo, shoga yangu. Utakukanyaga. Ninyi kaeni upande wa juu, toroli litangulie, mlizuie kwa mpini na kamba. Mkipumzika, wekeni kigingi kwenye gurudumu."

Wakajaza upepo, wakapanga, wakafunga. Kisha wakaanza kushuka. Mume alishika mpini, mke alivuta kamba kwa nyuma.

"Zuia, mama!"

"Nimezuia! Wewe angalia kona!"

Kwenye kona ya jana, mafundi wote waliacha kazi wakatazama. Toroli likapinda taratibu, likanyooka. Halikutikisika.

Wakashusha safari hiyo, wakapanda, wakashusha nyingine, hadi mzigo wote ukaisha. Msimamizi akafungua boksi moja. Akafungua la pili. Akayafungua yote.

"Hakuna kilichovunjika?"

"Hata ufa!" akajibu Mama Pacha, mikono kiunoni.

Msimamizi akatikisa kichwa, akatabasamu. "Basi saruji na nondo za ukuta ni zenu pia."

Mafundi wakagonga makoleo kwa shangwe. Baba Pacha akanyoosha mgongo, haukuuma. Akageukia barabarani, akapaza sauti bonde lote lisikie:

"Leteni mzigo mwingine!"