Simu Ambazo Mzee Viti Hakupokea

Watu walimwita Mzee Viti, ingawa uzee ulikuwa mbali naye. Alikodisha viti na maturubai kwa harusi na mikutano. Kila mwisho wa wiki mkokoteni wake ulitoka umejaa.

Kisha ugonjwa wa kuambukiza ukaingia, ukasambaa. Mikusanyiko ikapigwa marufuku. Viti vikarudi stoo, vikashika vumbi.

Mzee Viti akawa mkali kama pilipili. Watoto wakicheka, anafoka. Usingizi ukamkimbia. Asubuhi alimuaga mkewe, "Naenda kazini," kumbe anakwenda kukaa stoo peke yake.

Mdogo wake wa kike, aliyeishi mji mwingine, alimpigia simu mara nyingi. Hakupokea.

"Anataka hela huyu," alijisemea, "nami sina kitu."

Mwishowe simu zikakoma.

Siku moja mhudumu wa afya wa mtaa alipita akigawa barakoa. Akamkuta stoo, kajiinamia.

"Kaka, unaumwa?"

"Siumwi. Kazi hakuna, na silali."

Mhudumu akavuta kiti, akakaa mbali kidogo. "Huo ni msongo wa mawazo. Umewapata wengi siku hizi. Tumeambiwa tusikaribiane, hatukuambiwa tusiongee. Nyumbani wanajua?"

"Naona aibu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mkeo ukweli, mpange matumizi pamoja. Wapigie ndugu zako. Ukiona bado hulali, njoo kituoni, mshauri yupo."

Jioni alimweleza mkewe. Mke akacheka kwa huruma.

"Baba watoto, kila siku unarudi na utando wa buibui kichwani! Nilijua. Nilisubiri useme mwenyewe."

Wakauza nusu ya viti, wakaanza kuuza sabuni. Biashara ikashika taratibu. Usingizi ukarudi. Watoto wakacheka tena bila kuogopa.

Ndipo akampigia mdogo wake.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilidhani unataka hela."

Sauti ndogo ikasema, "Mimba iliharibika, kaka. Shemeji yako alikwama safarini, barabara zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa peke yangu."

Mzee Viti akaketi sakafuni. "Lakini ningekusaidia nini? Sikuwa na kitu."

"Ungeniambia pole tu."

"Pole, mdogo wangu. Pole sana."

"Asante, kaka."

Siku hizi huongea kila wiki, na hata kutaniana. Lakini pole ile ilichelewa, na Mzee Viti anajua.