Rudisha Kabla Ya

Mama Muhuri alikuwa anachana kadi. Anachana mbili mbili, anatupa kwenye boksi miguuni, anachukua nyingine. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa jinsi alivyozoea kugonga mihuri pale kaunta ya maktaba ya chuo mpaka meza ikalia. Kuanzia kesho, kugonga basi. Vitabu vyote vilikwisha kubandikwa vibandiko vya mistari, na kompyuta ndiyo ingejua nani kaazima nini na atarudisha lini. Mkutubi mkuu alikuwa ameagiza jambo moja tu: kabla ya kufunga, trei ya kadi za zamani iwe tupu.

Saa kumi na mbili ilikuwa inagonga mlango. Mgongo ulimuuma. Kichwani alikuwa ameshafika nyumbani: mkubwa amewasha jiko au anaangalia simu? Nguo zimeanuliwa? Na huyu mdogo asije akawa amelala pale mezani, maana kumbeba sasa ni kazi.

Mdogo alikuwa kitinda mimba wake, msichana wa miaka sita. Akitoka shule hukaa meza ya kwanza ya chumba cha kusomea, akimsubiri mama amalize kazi. Leo alipewa kadi tupu za kuchorea.

"Mama Muhuri." Mfagizi alisimama mlangoni na ndoo yake. "Huyu babu aliyekuja kumchukua mtoto ni baba yako au mkweo?"

Mikono ikasimama.

"Babu gani?"

"Si huyo mzee wa koti. Wameshuka chini sasa hivi, wameshikana mikono. Nikasema afadhali, leo dada yangu kapata msaidizi."

Baba yake alikufa zamani.

Mkwewe naye alikufa.

Kule chini kulikuwa na stoo ya vitabu vilivyochakaa. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake, aliushika huku anateremka ngazi. Lakini mlango ulikuwa wazi. Harufu ilimpokea kabla hajaingia... karatasi mbichi, gundi, na kitu kingine, kama nguo iliyosahaulika majini siku nyingi.

Taa za stoo ni za kuzungusha kitufe. Zinawaka dakika chache, kisha zinajizima zenyewe. Alizungusha.

Tik... tik... tik...

Mwisho wa rafu kulikuwa na kaunta ya zamani, ya tangu maktaba ilipokuwa chumba kimoja. Mdogo alikuwa amekaa juu yake, anachezesha miguu. Nyuma ya kaunta, mahali anaposimama mkutubi, alisimama mzee mwembamba aliyevaa koti. Viganja vyake viwili vilikuwa juu ya meza, vimetulia.

"Shikamoo," Mama Muhuri alijikuta anasema.



"Umechana kadi yangu," mzee alinong'ona.

Hakuhitaji kuuliza ipi. Kadi moja tu katika ile trei haikuwa na jina la kitabu, ila tarehe juu ya tarehe, mbele na nyuma, imeungwa vipande mpaka ikawa nene kama biskuti. Mkutubi aliyemwachia kaunta miaka tisa iliyopita alimwambia, "Hii iongezee muda kila wiki mbili. Usiulize." Yeye alicheka. Kisha akawa anaigonga, kama mtu anavyofanya mambo ya kazini, bila kuyafikiria. Leo mchana aliichana pamoja na nyingine, mawazo yake yako kwenye sare za shule.

"Nitakuandikia nyingine, mzee wangu. Ulikuwa umeazima kitabu gani?"

Mzee alitikisa kichwa taratibu.

"Si kitabu gani."

Tik... tik...

"Ni nani."

 Mama Muhuri alinyoosha mkono kwa mwanawe. Mtoto hakusogea.

"Umenifutia, nimenyang'anywa," mzee alisema. "Nimejichukulia mwingine."

Alisukuma kadi mbele. Kwenye mstari wa jina la kitabu, kwa penseli, kwa herufi zilizopinda, lilikuwa jina la mdogo.

"Nimeandika mwenyewe, mama!" mtoto alisema kwa maringo. "Babu kasema nisitoke nje ya mstari."

"Huyu haazimwi." Sauti iliyomtoka ni ile ya kuwaambia wanafunzi wanaotaka kuondoka na kamusi. "Ni wa humu humu. Hatoki."

"Ana kadi."

"Basi nirudishie."

"Ukimtaka," mzee alinong'ona, "gonga."

Mihuri miwili ilikuwa juu ya kaunta, na pedi ya wino kati yake. Kaunta ile haikutumika miaka mingi, lakini wino uling'aa, mbichi. Mihuri aliijua. Wa kurudishia hukaa kulia, wa kuazimia kushoto. Mkono wake ulizoea kuichukua bila kuangalia.

Tak.

Giza.

Pumzi ya baridi ilipita shingoni. Alipapasa kulia, akaushika muhuri, akauchovya. Mkono wa kushoto ukatafuta kadi... ukagusa vidole vidogo.

Ta!

"Mama! Umenigonga mimi!"

Alimkumbatia mtoto, akakimbia. Hakugeuka nyuma. Juu, mfagizi alikuwa anakamua tambara.

"Babu mbona humpi kwaheri?"

Alimpita, akatoka nje.

Nyumbani jiko lilikuwa limewashwa, ajabu ya mwaka. Baba watoto alikuwa anagombana na redio. Mama Muhuri alipakua chakula kama kila siku, kisha akamvuta mdogo kwenye beseni amnawishe.

Wino haukutoka. Alisugua kwa sabuni. Akasugua kwa dodoki mpaka mtoto akalia. Juu ya kiganja kile, kwa zambarau, hapakuwa na neno IMERUDISHWA. Paliandikwa RUDISHA KABLA YA, na tarehe. Wiki mbili kamili.

Hapo ndipo alipoona alipokosea. Kazini kila siku husimama nyuma ya kaunta. Leo alisimama mbele, upande wa wasomaji. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwa mkutubi. Na anayesimama upande ule ndiye anayeazima.

Alifungua mkoba. Muhuri ulikuwamo, unalowesha leso, wala hakukumbuka kuutia. Aliutazama kidogo, akausukuma juu ya kabati, nyuma ya bati la unga. Wao na kompyuta yao; yeye angeendelea kugonga kila wiki mbili. Miaka tisa amewaambia wanafunzi: unaongezewa muda wa kitabu ikiwa tu hakuna mwingine anayekisubiri.

Kama hakuna mwingine.

"Mama," mdogo alisema, ameshakaa kwenye mkeka, "babu kasema unitunze. Nisilowe, nisichanike."

"Babu yupi tena?" baba watoto aliuliza, mdomo umejaa.

"Kula," Mama Muhuri alisema. "Chakula kinapoa."

Akaketi, akawahesabu. Baba watoto. Mkubwa. Wa kati. Mdogo, anakula kwa mkono wenye tarehe. Na yeye mwenyewe.

Watano. Wote wapo.

Akahesabu tena.