Familia ya Vavra Yaenda Kutoa Maoni

LaDonna Vavra na mumewe Milo wanaishi shambani huko Nebraska, Marekani, wanafuga ng'ombe. Watoto wao, Ludmila na Emil, hawaendi shule. Mama yao huwafundisha nyumbani, mezani jikoni, na siku huanza kwa sala. Ndivyo wazazi walivyochagua, na sheria inaruhusu.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja walisikia habari mbaya. Seneta Corinne Dufek alikuwa ameleta muswada katika bunge la jimbo. Kama ungepita, mkaguzi wa serikali angeweza kuingia nyumba yoyote ambamo watoto hufundishwa, bila hodi wala taarifa.

Milo aliwaka. "Nitakwenda bungeni Lincoln niwaambie maseneta ni wezi wa watoto."

Jirani yao Gwen Ostrander alikuwa pale, anakunywa kahawa. Gwen anafanya kazi katika chama kinachotetea familia, na bunge analijua vizuri.

"Milo, wewe unataka kushinda au kutukana?" aliuliza.

"Vyote viwili, kama inawezekana."

"Haiwezekani. Ukimtukana mtu hakusikilizi tena."

Gwen akawaeleza. Katika jimbo lao kila muswada husikilizwa mbele ya wananchi. Yeyote anaweza kusema, hata asiye na cheo. Unataja jina lako, unasema unaunga mkono au unapinga, kisha unaeleza jambo hilo linakugusaje. Unapewa dakika tatu tu.

"Na kabla ya yote," Gwen alisema, "jiulizeni kwa nini seneta ameuleta."

"Kwa sababu anatuchukia," Milo alijibu.

"Hapana. Kuna mtoto aliyefichwa ndani akapigwa na kushindishwa njaa. Wazazi walidai wanamfundisha nyumbani. Hakuna aliyejua."

LaDonna alimtazama Emil, moyo ukamuuma.

Jioni walifanya mazoezi. Watoto walikaa upande mmoja wa meza wakajifanya maseneta. Milo alianza na jinsi babu yake alivyokuja kutoka Bohemia, Ulaya. Saa ya kuchemshia mayai, iliyotegwa dakika tatu, ikalia, babu bado yuko melini.

"Asante, mheshimiwa, muda umekwisha," alisema Ludmila kwa sauti nzito. Walicheka hadi Milo mwenyewe akafuta machozi.

"Basi aseme mama yenu," alisema.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Wengine waliunga mkono, wengine walipinga. LaDonna alikaa mbele ya kipaza sauti.

"Naitwa LaDonna Vavra. Napinga muswada huu. Nyumba yangu ndiyo darasa letu, na ndipo tunaposali. Mgeni akiingia bila hodi, watoto wangu watajifunza kwamba mama yao ni mshukiwa."

Seneta Dufek aliinama mbele. "Mama Vavra, na yule mtoto aliyefichwa? Nani atamwona?"

Swali hilo LaDonna hakuwa amelifanyia mazoezi. Alivuta pumzi.

"Mheshimiwa, swali lako ni la haki. Mimi pia nimelilia jambo hilo. Mtoto aonwe na mtu kila mwaka, nakubali. Lakini wazazi wachague daktari wao wa familia. Akiona dalili mbaya, atoe taarifa. Mlango wangu tu niachieni."

Seneta aliandika kitu. "Hilo sikulifikiria," alisema.

Baada ya wiki chache Gwen aliwapigia simu. Kifungu cha ukaguzi kimeondolewa, cha daktari kimewekwa, na muswada umepita. Milo alimwinua mkewe akamzungusha jikoni. Jumapili, baada ya ibada, walikula kanisani kolache, mikate midogo mitamu yenye plamu, mpaka sahani zikabaki tupu.

Mwaka uliofuata mwalimu wa shule ya mjini, Bi. Noreen Tvrdy, alibisha hodi kwa LaDonna. Alitaka kwenda bungeni kuomba shule zao ziongezewe fedha.

"Najua wewe hutaki kodi zaidi," alisema kwa haya. "Lakini sijui pa kuanzia."

"Sitaki kweli, na nitakwenda kukupinga," LaDonna alisema, akimvutia kiti. "Kaa. Tuanze na jina lako."

Noreen akacheka, akavua koti.